Dada wa Mjini Alituambia CV Ni Karatasi Tu, Mwaka Uliofuata Akaniomba Yangu

Jamani, mimi ni mtu wa kusoma stori za wenzangu halafu nacheka peke yangu kwenye daladala. Leo nimekuja na yangu, maana wiki iliyopita ile klipu ya yule dada imeanza tena kuzunguka, na kila anayeiposti anaweka moto na makofi. Nikasema aah, hii nikinyamaza nitapasuka.

Jina lake silitaji. Ukiwa na bando utamfahamu tu: mjasiriamali, mzuri, anaongea kama anaimba, na maneno ya kutia moyo hayamkauki mdomoni. Mei 2022 alialikwa chuoni kwetu siku ya ajira. Mimi nilikuwa mwaka wa tatu, biashara na uhasibu, Dar. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Kulikuwa na watu wa mabenki, watu wa bima, mtu wa NSSF na makaratasi yake, lakini tusidanganyane, sisi tulimfuata yeye.

Akashika kipaza sauti akasema yeye hajawahi kuandika CV maishani mwake. CV ni karatasi tu. Mjini hapa ni kujiamini na koneksheni, basi. Ukumbi ulilipuka. Na mimi nilipiga makofi, tena nilisimama. Nilirekodi nikaweka stetasi.

Nyuma ya ukumbi, pembeni kabisa, alikuwa amekaa mama mmoja wa makamo kwenye kimeza chenye daftari la kujiandikisha. Ndiye aliyekuwa mshauri wa ofisi ya ajira pale chuoni. Ndiye pia aliyeandaa siku yote ile. Wakati tunashangilia nilimwona ameinama anapanga kalamu zake. Mezani kwake hakwenda mtu.

Hiyo ofisi yake niliipita miaka mitatu. Ilikuwa chini ya ngazi, karibu na chumba cha mashine ya kutoa kopi, na mlangoni kuna tangazo: njoo upate ushauri wa CV, usaili na nafasi za fildi, bure. Mimi nilidhani ni sehemu ya watu waliofeli. Au ya watoto wa Kiingereza kizuri. CV yangu nilikuwa nayo bwana, nilitengenezewa steshenari kwa shilingi 2,000, yenye mstari pembeni wa rangi ya bluu. Kijana wa steshenari aliniuliza jina na shule tu, vingine akavitoa kwa mtu mwingine aliyepita kabla yangu. Kwenye mambo ninayopenda iliandikwa kusafiri na kuogelea. Mimi, mtoto wa mlimani, kuogelea!

Hapo inabidi niwaambie natokea wapi. Wengi mnapita Korogwe na basi la Arusha. Mnaangalia mashamba ya mkonge mpaka yanawachosha, mnalala tena. Siku nyingine inueni macho upande wa kulia, kule milimani kwenye ukungu. Kwetu ni Vugiri, juu huko. Asubuhi kuna baridi ya kukufanya utafute sweta Januari, na salamu ni "onga makeo" kabla hujaambiwa kitu kingine chochote. Mama yangu anachuma chai kwenye shamba la mwekezaji. Majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, kapu mgongoni, jioni mzani. Analipwa kwa kilo.

Chuoni sikumwambia mtu. Nilikuwa nasema natokea Tanga, watu wanafikiria bahari, mapishi, khanga. Niliacha wafikirie.

Kitu kingine ambacho sikumwambia mtu ni sanduku. Kina mama wa kwetu wana kikundi cha kuweka na kukopa, watu 28. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti, halafu sanduku lenyewe linakaa kwa wa nne. Kila wiki mtu ananunua hisa, moja mpaka tano, na anatoa kidogo kwenye mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na wagonjwa. Unakopa mpaka mara tatu ya hisa zako, unasema mbele ya wote unakwenda kufanyia nini, na unadhaminiwa. Mwisho wa mzunguko sanduku linafunguliwa, mnagawana, mnaanza upya.

Wa mjini anaweza kuona mchezo wa kina mama. Ila mwaka 2013 kiwanda cha chai cha Mponde, upande wa Bumbuli, kilipofungwa, mjomba wangu kule aliyekuwa na shamba lake dogo alibaki anaangalia michai inarefuka inakuwa miti, hana wa kumuuzia. Mama aliona. Tangu hapo alikuwa anasema kazi ya mtu inaweza kufungwa asubuhi moja, lakini sanduku tunalo wenyewe.

Katibu wao alikuwa mama mtu mzima ambaye macho yalianza kumsumbua. Kwa hiyo tangu niko kidato cha pili, kila likizo, mimi ndiye nilikuwa nashika kalamu. Machi 2020 vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona nilikaa kijijini mpaka Juni, na kwenye hiyo miezi niliandika upya daftari lote la miaka miwili. Nikakuta kosa la kujumlisha lililokuwa linamdhulumu mama mmoja mjane. Ikabidi kikundi kimrudishie. Alinibebea mkungu wa ndizi mpaka nyumbani. Mwaka uliofuata nikawasaidia kwenye usajili halmashauri, maana Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 ilivitaka hata vikundi kama vyetu visajiliwe. Nilijaza fomu, nikawaandikia upya katiba yao, nikashuka nao Korogwe.

Yote hayo kwenye CV yangu ya bluu hayakuwepo. Kwenye uzoefu wa kazi iliandikwa: sina.

Haya. Julai 2022 nikamaliza, nikarudi nyumbani kusubiri mahafali. Ndipo akajitokeza kaka mmoja kwenye grupu la WhatsApp la wahitimu. Ana picha ya suti, ana lugha ya ofisini. Ana nafasi kwenye taasisi ya serikali, tayari kuna mtu ndani, inahitajika shilingi 400,000 ya "kufungua faili". Mimi kichwani nina sauti ya yule dada: kujiamini na koneksheni. Nikasema ndiyo hii sasa.

Pesa hiyo nyumbani haipo. Mama akasema atakopa kwenye sanduku.

Siku ya kikao mama alisimama, akaulizwa mkopo ni wa nini. Akasema, kumalizia ada ya mtoto. Chuo nilishamaliza. Na aliyekuwa ameshika kalamu ni mimi. Niliandika kwa mkono wangu: 400,000, miezi mitatu, riba asilimia 10, sababu: ada. Nililiangalia lile neno ada. Nikapindua ukurasa.

Mnajua kilichofuata. Nilituma pesa kwa simu Jumatatu. Jumatano akaomba nyingine 150,000 ya vipimo vya afya. Nilipomwambia sina, picha ya suti ikapotea, namba ikawa haipatikani. Nikakaa na hiyo siri siku tisa. Mama kila akirudi shambani ananiuliza, wamekupigia? Namwambia bado, mtandao wa huku unasumbua.

Siku ya kumi nikamwambia. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniua. Alivua buti zake, akakaa kwenye kigoda, akauliza, "Kwa hiyo hata jina lake hatulijui?" Alhamisi iliyofuata akasimama kwenye kikao akasema pesa ile haikuwa ya ada, nimewadanganya, mtoto katapeliwa. Katiba niliyoiandika mwenyewe ina faini ya kudanganya sababu ya mkopo. Akatozwa. Nikaiandika faini ya mama yangu kwenye daftari, mkono unatetemeka, kina mama 27 wananiangalia.

Deni likawa 440,000 na faini juu. Ukitaka kujua uchungu wake, ligawanye kwa bei ya kilo moja ya majani mabichi ya chai.

Novemba nikaja Dar kwenye mahafali na joho la kuazima. Mama hakuja, nauli iliingia kwenye deni. Baada ya picha za wenzangu na familia zao sikuwa na pa kukaa, mvua ikaanza, nikajikuta nimesimama chini ya ngazi. Mlango uko wazi. Yule mama wa kalamu yuko ndani anakula maandazi na chai ya rangi. Akasema, "Karibu mwanangu, hongera." Nikaanza kulia. Na joho lote.

Alinipa andazi. Nikamsimulia habari ya tapeli. Sikusimulia sanduku, nilisema tu mama alikopa mahali. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kitu ambacho ningekijua kwa dakika mbili kama ningeingia pale mwaka wa kwanza. Ajira za utumishi wa umma zinatangazwa na Sekretarieti ya Ajira, unaomba mwenyewe kwenye Ajira Portal, unahitaji namba ya NIDA na vyeti vilivyothibitishwa, na haulipi hata senti. Anayekuomba hela ni mwizi, hata awe na suti ngapi. Dakika mbili! Mama yangu alichuma miezi mingapi kufidia dakika mbili.

Ila sikuwa peke yangu kwenye ujinga huu, na alinionyesha kwa nini matapeli wanatupata kirahisi. Akanikumbusha zile picha za Juni 2014, Uwanja wa Taifa, vijana zaidi ya 10,000 wamekaa majukwaani kama wanasubiri mechi kumbe ni usaili wa Uhamiaji, nafasi 70. Na mwaka huohuo Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lilitoa matokeo yake kwamba waajiri wanaona zaidi ya nusu ya wahitimu wetu hawajaiva kwa kazi. Akasema, "Foleni ndefu, na wengi kwenye foleni wamebeba karatasi moja ileile. Hebu nione yako."

Nikatoa CV ya bluu. Akaisoma akanyamaza. Akauliza, "Unaogelea wapi?"

Nilicheka na machozi bado yapo. Akachukua karatasi tupu, akasema sahau chuo, sahau Kiingereza, niambie kwa Kiswahili: tangu uko mtoto, ni kazi gani ambayo watu walikuwa wanakuja kukuita wewe uifanye? Nikasema hakuna. Akasubiri. Mvua inanyesha. Akauliza tena, huyo mama alikopa wapi?

Hapo ndipo likatoka. Sanduku, kufuli tatu, daftari, mjane na mkungu wa ndizi, usajili, katiba, mpaka faini. Nilipomaliza karatasi yake ilikuwa imejaa. Akaigeuza nikaiona. Kutunza hesabu za wanachama 28 kwa miaka saba. Kukagua na kusahihisha kumbukumbu za miaka miwili. Kuandaa nyaraka za usajili. Akaniambia, mwanangu, kuna watu wametoka fildi wiki nane walikuwa wanatumwa chapati, wameandika uzoefu. Wewe unao wa kweli umeuficha.

Nikamwambia kweli yangu, kwamba naona aibu. Niseme nimejifunza uhasibu kwenye sanduku la wachuma chai? Hakunipa hotuba. Alisema tu, njoo Jumanne, tufanye usaili wa mazoezi.

Nilikwenda Jumanne ile, na nyingine, na nyingine. Nilikuwa nalala kwa rafiki yangu Mabibo. Pale ofisini walikuwa wawili tu, kwa chuo chenye wanafunzi maelfu, na kompyuta moja inayozima ikijisikia. Ningependa kuwadanganya kwamba kila kitu kilikuwa safi. Hapana. Kuna siku nilisubiri saa tatu. Kuna kampuni alizozipigia simu kwa ajili yangu hazikujibu mpaka leo. Ofisi hizi hazina kazi kabatini za kukugawia, na wengi tukishajua hilo tunaondoka tunanuna.

Alichonifanyia ni kunikalisha kwenye kiti na kuniuliza maswali mpaka nikaacha kutetemeka. Kila swali nalijibu kwanza kwa Kiswahili, kama naongea na mama. Nikishajua ninachosema ndipo tunakipeleka kwenye Kiingereza, taratibu, sentensi fupifupi. Huko nyuma nilikuwa nafanya kinyume, natafuta Kiingereza kwanza, nakosa cha kusema. Swali lililonitesa lilikuwa lile la "tueleze kosa ulilowahi kufanya". Wenzangu wanajibu wao kosa lao ni kufanya kazi kupita kiasi. Akanikataza. Akasema una jibu lako, siku ukiweza kulisema bila kulia umeiva.

Akanifundisha na vitu vya baada ya kupata kazi, ambavyo mimi sikujua kama vinafundishwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema masaa 45 kwa wiki, yakizidi ni ya ziada na yanalipwa. Likizo siku 28 kwa mwaka. Uzazi siku 84. Michango ya NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na unachokatwa wewe hakitakiwi kuzidi nusu yake. Wenye mkopo wa bodi, asilimia 15 inakwenda huko, kwa hiyo ukitajiwa mshahara usishangilie kabla hujatoa. Na mkataba uwe wa maandishi. Hapo alinikazia macho. Wa maandishi, mwanangu.

Akanieleza pia habari za utarajali, ule mpango wa Ofisi ya Waziri Mkuu wa kuwapeleka wahitimu kwenye taasisi wapate uzoefu wa miezi 6 mpaka 12. Nikaomba. Nikaomba na kazi kumi na nne nyingine, nimezihesabu.

Machi 2023 sanduku lilivunjwa. Mgao wa mama wote ukaingia kwenye deni, akarudi nyumbani na shilingi 11,500. Akaniambia kwenye simu, "Tumemaliza, sasa pumua." Siku ile sikula.

Aprili nikaona tangazo. Kampuni ya vipodozi, anatafutwa mtu wa kutunza hesabu za maduka matatu. Tuma barua, vyeti na CV, uzoefu usiopungua miaka miwili. Nasoma jina la kampuni, nasoma tena. Ni ya yule dada! Yule wa karatasi tu. Nilicheka mpaka rafiki yangu akatoka bafuni na povu.

Nikatuma. Wakaniita.

Ofisini kwake hakuwa kama kwenye simu. Alikuwa amechoka, hana kope za bandia, mezani kuna rundo la risiti na kikombe cha uji. Mkononi ameshika CV yangu, na zimebaki kama thelathini pembeni. Na mimi na mdomo wangu siwezi kujizuia, nikamwambia dada mimi nilikuwepo ile siku chuoni, uliposema hujawahi kuandika CV. Akaniangalia. Nikajua nimeharibu.

Akacheka, cheko la mtu aliyekamatwa. "Mdogo wangu, ile siku nilialikwa niwachangamshe. Ningewaambia nimeandika barua 60 nikakataliwa zote, mngepiga makofi?" Kumbe kabla ya vipodozi alikuwa keshia, miaka minne. Hiyo haiposti.

Basi usaili ukaanza kweli. Akauliza hizi hesabu za watu 28 ni kampuni gani. Nikavuta pumzi. Nikasema ni kina mama wachuma chai, kijijini kwetu Vugiri, Korogwe, na mama yangu ni mmoja wao. Nilisikia masikio yanaungua. Akauliza pesa mlikuwa mnailindaje isiibiwe. Nikamchorea zile kufuli tatu. Akauliza kosa. Nikamsimulia lile neno ada, na faini, na mkono wangu ulivyoandika. Sauti ilikatika mara moja tu.

Alikaa kimya kidogo. Akasema wahasibu wawili wameshamwibia, wote walikuwa na vyeti vizuri kuliko changu. Akauliza, ukiniona mimi nachukua hela ya duka naiandika sababu ya uongo, utafanya nini? Nikamwambia nitaandika faini. Akapiga meza.

Hapa msikimbilie kushangilia. Akaniambia kazi naipata, naanza Jumatatu, mshahara tutaelewana, mikataba hatuna, "hapa sisi ni familia". Lile neno familia ni tamu sana jamani. Nina wiki mbili sina hela ya vocha. Mdomo uko tayari kusema asante dada. Nikamwona yule mama ananikazia macho. Nikasema, kwa heshima zote, naomba tuandike mkataba, hata ukurasa mmoja. Akakunja uso. Akasema wengine thelathini hawa hawajaniomba mkataba. Nikasema najua dada. Nikabaki nimekaa, maana miguu ilikataa kuinuka.

Aliniambia nitakupigia. Nikatoka. Kwenye kituo cha daladala nilijitukana matusi yote ninayoyajua, mpaka ya Kisambaa. Siku tano hakupiga. Siku ya sita akapiga, saa nne usiku: "Njoo na huo mkataba wako, sina muda wa kuuandika." Nikauandika usiku huohuo, nikampelekea yule mama chini ya ngazi asubuhi, akausoma na kalamu nyekundu mkononi. Alibadilisha vitu viwili. Kimoja ni kipindi cha majaribio, nilikuwa nimejipa mwaka mzima kwa ujinga.

Nilifanya kazi kwa yule dada mwaka mmoja na miezi minne. Tuligombana mara mbili, mara moja kuhusu risiti zake yeye mwenyewe. Kwenye duka la pili niliweka utaratibu wa funguo tatu, na upotevu ulipungua. Leo niko Tanga mjini, kwenye taasisi ya mikopo midogo, nakagua vikundi kama cha mama yangu. Mapenzi na yule dada yapo, ananitumia klipu zake kabla hajaziposti. Hii ya zamani nimemwambia aifute. Kasema inamletea wateja.

Mwaka 2025 TRA walipotangaza nafasi 1,596 na kuita kwenye usaili watu zaidi ya 135,000, rafiki yangu yule wa Mabibo alikuwa mmoja wao. Usiku kabla ya usaili alinipigia analia kama mimi nilivyolia kwenye joho. Nikamuuliza, umeshawahi kuingia kwenye ile ofisi chini ya ngazi? Akasema ile ya wanaotengeneza kopi? Mwaka wa tatu tangu tumalize, bado hajui ipo pale. Tukafanya usaili wa mazoezi kwenye simu mpaka saa saba usiku. Hakupata, foleni ilikuwa ndefu mno, ila ameanza kwenda kule Jumanne. Wanapokea na waliomaliza zamani, kama wenu wako hivyo ulizeni.

Desemba nilipanda nyumbani. Mama bado anachuma, nimembembeleza apumzike amekataa, anasema akikaa mgongo ndiyo utauma. Alhamisi nikaenda naye kikaoni. Aliyeshika kalamu sasa ni binti wa mama mdogo, yuko kidato cha sita, anaandika polepole na ulimi nje. Baada ya kikao akanivuta pembeni ya mgomba, akauliza kwa sauti ya chini kama anauliza jambo la aibu, "Dada, hivi kuandikia kina mama daftari, kunaandikwa kwenye CV?"

Nikamwambia alete kalamu, tukae, na anitajie alianza tarehe ngapi.